Mstari wa Chini, Uzi wa Juu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, tena kwenye kiti chenye mgongo, maana ni ndefu na goti lako silisahau. Linaendeleaje? Na shemeji, bado anakataa kuvaa miwani, anasoma gazeti kwa kunyoosha mkono mpaka linagusa ukuta? Msalimie sana. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vidole. Habari ya vidole utaikuta mbele.

Ulisema nisikupigie simu, nikuandikie, kwa sababu kwenye simu mimi napandisha sauti, wewe unalia, na salio linakwisha kabla hatujaelewana. Haya, naandika. Najua unachotaka ni jibu la jambo moja tu: shule zikifungwa binti yangu huyu, mwanao, anakuja kuishi kwako, au haji. Nitakujibu. Lakini nakujua, Dada, tangu utotoni wewe ni mtu wa kusoma hadithi kuanzia mwisho. Safari hii nakuomba uanze mwanzo. Ukirukia mwisho hutaelewa kitu, utanipigia simu, na tutarudi kule kule.

Hali yetu unaijua. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa mkalimani wa nyumba hii. Nikiwa na neno la kumwambia mtoto nilimwambia mama yake, mtoto akiwa na shida alimwambia mama yake, na sisi wawili tukapendana miaka yote hiyo kwa kupitia mtu wa tatu. Alipoondoka tukabaki tunatazamana kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Shikamoo baba. Nimeshiba baba. Usiku mwema baba. Basi, imetoka hiyo. Tena hakuwa na utovu wa adabu hata chembe, na hicho ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Mtoto wa miaka kumi na sita asiyenuna, asiyebisha, asiyebamiza mlango! Kwa hiyo uliposema aje kwako, akae na mwanamke mwenzake, apate mtu wa kuzungumza naye, sikuwa na la kupinga. Nilikuomba muda tu.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Kwa muda nilikuwa nashangaa sponji zangu. Nakata sponji nzuri, naiweka kwenye kochi la mteja, narudi jioni naikuta imebonyea katikati kama mtu mnene ameikalia wiki nzima. Nikalaumu panya. Nikamlaumu anayeniuzia sponji, tukatoleana maneno mpaka leo hanisalimii. Kumbe ni mwanao! Akitoka shule na mimi sipo, anachukua vijiti viwili nilivyochonga kwa ajili ya miguu ya stuli, anakaa mbele ya makochi ya watu na kuyatwanga. Anafanya mazoezi ya ngoma. Shuleni wana kikundi cha muziki wa roki, yeye ndiye mpiga ngoma, na wenzake wanamwita Nyundo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakusema mshindo wenyewe utapigwa kwenye sponji zangu.

Hayo yote niliambiwa na mwalimu wao wa muziki, aliyekuja kuchukua kiti chake cha kuzunguka. Akaniambia pia kwamba kikundi kimekufa. Walikuwa wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, Nyundo, na msichana mmoja mrefu waliyemwita Twiga, aliyepiga gitaa la besi. Wazazi wa Twiga wamehamishwa kazi, Twiga naye kaenda, na bila besi hakuna cha kupiga siku ya kufunga shule. Ndipo nikaelewa kwa nini gitaa refu lenye nyuzi nne, aliloachiwa na Twiga, lilikuwa limeegemezwa nyuma ya mlango wa mwanao, na kwa nini alikuwa anashiba kabla ya kula. Mwalimu akasema kwa kucheka kwamba yeye atampokea yeyote atakayeshika besi, hata mzazi. Alidhani ametania. Mimi nikasema moyoni, huyu mtoto anaondoka kwenda kwa shangazi yake. Angalau aondoke amepiga ngoma zake mbele ya watu. Nyuzi nne, Dada. Mimi nashona na kuvuta mikanda ya makochi tangu ujana wangu. Nyuzi nne zingenishinda nini?

Zilinishinda. Kwanza nilikaza uzi mmoja jinsi ninavyokaza mkanda wa kochi, kwamba usikie unalia ndipo ujue umekaa, na kweli ukalia, ukakatika, ukanichapa kidevuni. Nikanunua mwingine. Muuzaji wa vyombo vya muziki akaniuliza ni wa mwanangu? Nikamwambia ndiyo, kwa aibu.

Kisha zile karatasi. Pamoja na gitaa, Twiga aliacha karatasi za nyimbo zao, na si muziki wa vichwa vya viluwiluwi tuliokuwa tukiuona kwenye vitabu vya kwaya. Hizi ni mistari minne iliyolazwa, na juu ya mistari kuna namba. Kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa, na namba inakuambia ubonyeze kwenye chuma cha ngapi, vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo. Ukiona tatu kwenye mstari fulani, unabonyeza chuma cha tatu kwenye uzi wake. Kwisha. Vijana wanaziita tabu, na sikuona sababu ya kubishana nao. Lakini nilipoziangalia mara ya kwanza nilifurahi, maana zilifanana na michoro yangu ya kukatia vitambaa. Nikasema, hii ni kazi ya fundi.

Basi nikawa kila mchana, mwanao akiwa shuleni, nafunga mlango wa karakana na kukaa na hilo dude. Wimbo wenyewe ni wa wanaume wenye nywele ndefu, wanaoimba kama watu ambao nyumba yao inaungua na zimamoto hawaji. Kwenye simu naisikia besi yao inanguruma chini kule, kifua kinatikisika. Mimi napiga namba zile zile, chuma kile kile, na gitaa langu linalia kama mbu. Narudia. Mbu. Nabonyeza kwa nguvu zaidi. Mbu mwenye hasira. Vidole hivi vilivyozoea pini na sindano ya kochi vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Nikalaani gitaa, nikalaani spika, nikamlaani Twiga na urefu wake, nikawalaani wale wenye nywele kwa mama na baba.

Na hapo sijamtaja Nesi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni nesi wa zamu za usiku, kwa hiyo mchana ndio usiku wake. Alivumilia, akavumilia, siku moja akatokea mlangoni macho mekundu, kandambili moja tu mguuni, akanipa vidonge vyangu bila hata maji ya kumezea. Alisema amefanya kazi wodini miaka mingi na hajapata kusikia mgonjwa anayelia hivyo. Aliuliza kama ni mgogoro wa utu uzima, maana kama ni huo dawa ipo. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Akasema basi nipige, lakini jamani nipige kitu kinachofanana na kitu. Nikajifungia nikapiga, na sikufananisha.

Mchana mmoja niko katikati ya kulaani, mlango ukafunguka. Mwanao. Walikuwa wametolewa mapema. Nilikuwa nimekaa juu ya kochi la daktari wa meno, gitaa limenilalia tumboni kama mtoto wa mtu mwingine, karatasi nimezibana na vibanio vya nguo kwenye mgongo wa kiti. Nilitaka ardhi ipasuke. Akasimama pale na mkoba wake begani, akaniangalia, akaangalia karatasi. Kisha akaniambia, taratibu na kwa heshima zake zile, kwamba ninapiga kichwa chini miguu juu.

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mstari wa juu kwenye karatasi si uzi wa juu. Mstari wa chini kabisa ndio uzi mnene, ule ulio karibu na uso wangu. Mstari wa juu ndio uzi mwembamba, ulio karibu na sakafu. Nimejifunza wimbo mzima kinyume, kila namba mahali pake, kwenye uzi usio wake. Ndiyo maana ya mbu.

Dada, nilipandwa na hasira! Nilimwambia ni mwendawazimu gani anachora kitu halafu cha juu anakiweka chini? Mimi nikichora kochi, mgongo unakuwa juu na miguu chini, na hakuna mteja aliyewahi kupelekewa kochi la kukalia kwa kichwa. Akasema ndivyo inavyochorwa dunia nzima, baba. Nikasema basi dunia nzima imekosea. Akasema niinamishe kichwa nilitazame gitaa kama nimelilaza mapajani, nitaona. Nikasema siinami. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia asinitolee methali kwenye karakana yangu. Hapo ndipo akafoka. Akatupa mkoba chini, akasema mimi siku zote ni hivyo hivyo, sisikii, siulizi, nimekaa na karatasi wiki nzima na zaidi na mtu anayejua kuisoma analala chumba cha pili, na sikumuuliza! Alikuwa amesimama mikono kiunoni, sauti imepanda mpaka Nesi akagonga ukuta, na kidole amenielekezea puani.

Na mimi nilikaa pale na gitaa langu, nikajisikia raha ambayo siwezi kukueleza. Mtoto alinifokea, Dada. Alinifokea vizuri, kama mama yake. Sikumbuki tangu msiba kama kuna siku alinipa maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Nikainama. Nikalitazama gitaa kama limelala mapajani. Alikuwa sahihi, Mungu amsamehe.

Tangu siku hiyo sina mapumziko. Usidhani kuna mwalimu mkali kuliko mwanao. Jioni anakaa mbele yangu na vijiti vyake kwenye sponji, na anaikanyaga sakafu kwa mguu kama ngoma kubwa ya miguuni. Ananiambia nakimbia. Nikipunguza ananiambia nimelala. Nikipatia ananiambia turudie. Anasema kazi ya besi si kutangulia wala kujionyesha, kazi yake ni kuusikiliza mguu wa mpiga ngoma na kukanyaga pale pale anapokanyaga. Nimekanyaga mpaka mto wa kochi la daktari wa meno umepasuka mshono, nikalazimika kumwambia daktari kitambaa kimechelewa kufika. Wenzake wawili nao wanakuja, mwimbaji na mpiga gitaa, wanakula kila kilichomo jikoni na kuniita Mzee Besi. Walitaka nivae nywele za bandia siku ya onyesho. Nilikataa. Kipara changu kimenigharimu miaka mingi kukipata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mimi, mtu mzima, nimekaa jukwaani kwenye stuli niliyoitengeneza mwenyewe, nimevaa fulana nyeusi ya mtoto wa mtu, mbele ya wazazi wanaonijua kwa makochi yao. Nesi alikuja, akakaa mstari wa mbele kabisa, akasema amelipia kwa usingizi wake. Tulianza vizuri. Nikausikia ule mguu nyuma yangu, nikakanyaga nao, na kwa mara ya kwanza kifua changu mwenyewe kikatikisika. Nikajisemea, kumbe! Na hicho ndicho kilichoniponza, maana ukishajisemea kumbe, umeshapotea. Nilipotazama karatasi macho yakaona mstari wa chini, mkono ukaenda uzi wa chini, haukurudi tena. Nikawa napiga kinyume, kama zile siku za mwanzo. Mbu kasimama jukwaani mbele ya shule nzima.

Mwimbaji alinigeukia macho yamemtoka. Mpiga gitaa akaacha kupiga kabisa. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nilikuwa nasubiri mwanao naye aache, anione nimemwaibisha, mambo yaishie hapo. Hakuacha. Aliuacha ule mguu mzito, akaanza kupiga kingo za ngoma, taratibu, tiki tiki, akanifuata kule kule nilikopotelea. Kila nilipokwenda yuko. Alijua nitageukia wapi kabla mimi sijajua, na ule upuuzi wangu, wallahi, ukakaa kama kitu kilichopangwa, kama mtu anayeuliza jambo na mwingine anamjibu. Tukaenda hivyo, sisi wawili tu, mpaka akanipigia pigo moja kubwa la mguu, nikajua anasema baba rudi, nikarudi kwenye uzi mnene na wenzetu wakaingia. Watu walisimama kushangilia. Nesi alikuwa analia, ingawa anakataa.

Tukirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba gitaa, nikamuuliza aliwezaje kunifuata kwenye makosa yangu. Ndipo aliponiambia, na hapa ndipo nilipotaka ufike, Dada. Aliniambia alinisikia tangu siku ya kwanza kabisa. Kila siku akitoka shule alikuwa anakaa kwenye ngazi pale nje, anausikiliza wimbo kinyume, anaupigia ngoma kwenye mkoba wake mpaka nimalize, kisha anaingia na kusema shikamoo kama hajui kitu. Amekaa kwenye zile ngazi siku zote hizo. Nikamuuliza kwa nini hakuingia akanirekebisha mapema, nikaacha kuchubuka bure. Akasema aliogopa kwamba akiingia nitaacha.

Nikaweka gitaa chini pale pale barabarani. Na yeye, kwa kuwa alishaanza, akamalizia: kwamba kuja kuishi kwako halikuwa wazo lako. Ni yeye aliyekupigia simu akakuomba, akakuapisha usiniambie, na wewe ukanipigia kana kwamba limetoka kichwani mwako. Dada! Mlinizunguka, nyinyi wawili, na mimi nikawa nakusema moyoni kwa kujipa umuhimu! Nisamehe kwa niliyoyasema moyoni, ila mengine yatabaki.

Nikamuuliza kwa nini aliomba kuondoka. Akasema ni lile begi. Na sasa nikwambie nisilokwambia: siku ile uliponipigia, nikakuomba muda wa kufikiri, sikuwa na la kufikiri. Nilikuwa nimeshanunua begi kubwa la safari, la kitambaa kizito cha buluu, wiki nyingi kabla hujasema neno, nikalificha chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa nimeshapanga kukuomba mwenyewe umchukue. Si kwa kumchoka, Dada. Niliogopa. Niliona mtoto anazimika mbele yangu na mimi sina lugha ya kumwita, nikadhani kwa mtu mwingine yeyote atapona kuliko kwangu. Naye akiinama kuokota kijiti chake akaliona begi, akajua baba hamtaki, akaona afadhali aombe mwenyewe kuliko kungoja aambiwe. Yeye alikuwa anakaa kwenye ngazi, mimi niko ndani, tunausikiliza wimbo mmoja, na kila mmoja anaamini mwenzake anamfukuza.

Jibu lako ndilo hili: haji kuishi. Nilimuuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila mkalimani. Akasema hawezi kuondoka, kuna wimbo mwingine wameuchagua ambao besi yake ni ngumu mara mbili, na mimi hata kuhesabu hadi nne bado sijui bila mguu wake. Chumba ulichompakia rangi kiache hivyo hivyo. Likizo tutakuja wote wawili, na uwaombe majirani zako radhi mapema.

Begi nimelifumua. Kitambaa chake kilikuwa kizuri, na zipu yake ndefu ilitosha vizuri. Nimelishona upya, nikatia sponji ndani, na sasa hivi gitaa limelala humo. Yeye ndiye aliyenishikia kitambaa wakati nakata, na alisema nimekikata kinyume. Tuligombana hadi chakula kikaungua.

Goti lako lipake ile dawa na usipande ngazi. Shemeji mwambie miwani si aibu. Mwanao yuko hapa nyuma ya bega langu, anasoma kila neno, anasema anakusalimu, shikamoo, anakupenda, na kwamba kile kipande cha mbu nimekieleza kwa kujipendelea. Nesi naye anagonga ukuta. Nadhani ni salamu.

Ni mimi mdogo wako,
fundi makochi, sasa Mzee Besi.